Pomboo wa Kizimkazi walituacha mara tu binti yangu alipoingia majini. Ni nini hasa kinawaondoa?

Baba Wawili Njiro
Wakuu, habari za jioni.

Naleta hili kwenu kwa sababu binti yangu ameniuliza swali na nimekosa jibu la kumpa. Ana miaka 9, mdogo wake wa kiume ana 6. Tangu mwezi wa nne alikuwa anasema kitu kimoja tu: likizo hii ya mwezi wa saba nataka kuogelea na pomboo. Tukamfundisha kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka, Jumamosi nne mfululizo, mpaka akaweza kukaa na uso ndani ya maji bila woga. Tukapanda basi Arusha alfajiri, tukalala Dar, kesho yake boti ya Unguja, na siku ya tatu saa 11 alfajiri gari likatuchukua kwenda Kizimkazi.

Tuliwaona. Kundi la kama saba. Wa mbele alikuwa na pezi la mgongoni lililomegeka, kama kipande cha mkate kilichong'atwa. Wakaja sambamba na boti yetu, karibu kabisa, unasikia wanavyopumua, "pfuu", na harufu yake inakufikia. Binti akakaa ukingoni, jaketi la kuelea limempanda mpaka masikioni, nikamshika mkono, tukaingia. Nilipoweka uso majini nikasikia mlio kama mtu anavunja vijiti vikavu harakaharaka, kisha mluzi mwembamba. Wawili wakapita chini yetu wamebanana, mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Halafu kimya. Tulipoinua vichwa walikuwa wameshaibukia mbali, na boti zote zimewageuzia pua.

Nahodha akaanza: pandeni, pandeni, tuwawahi! Tukapanda, tukakimbizana nao, akatukatiza mbele yao, rukeni! Mara nne hivyo. Mara ya nne binti akakataa kuingia. Usiku, taa imeshazimwa, akaniuliza: "Baba, wameondoka kwa sababu yangu?"

Nilimwambia hapana. Lakini sijui ni kwa sababu ya nini. Anayejua anisaidie.

Mangi wa Marangu
Pole mkuu, na pole kwa mtoto. Kabla watu hawajaanza kuchambua, boti zilikuwa ngapi?

Baba Wawili Njiro
Nilihesabu 11. Baadaye zikaongezeka, nikaacha kuhesabu.

Mangi wa Marangu
Basi umeshajijibu. Sauti ndani ya maji inakwenda zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na pomboo anaishi kwa masikio. Hiyo milio ya vijiti uliyoisikia ndiyo macho yake: anatoa sauti, inagonga kitu, inamrudia, anajua kuna nini mbele. Sasa piga picha umekaa sebuleni kwako Njiro, mtu anakuwashia mashine za kusaga 11. Utabaki?

Bi Dimbani
Assalamu alaykum. Mimi nimeolewa Moshi, mwaka wa kumi na mbili huu, lakini kitovu changu kimezikwa Kizimkazi. Kwanza niwasahihishe kidogo, Kizimkazi ni mbili: Dimbani na Mkunguni. Mtu akisema alikwenda Kizimkazi mie humuuliza, ipi?

Pili, kaka yangu Mangi, injini pomboo wanazijua. Hao wamezaliwa wakisikia injini. Ingekuwa ni mlio peke yake, kusingekuwa na pomboo hata mmoja pale leo. Mie nasema uangalieni maji. Mlikwenda maji yanajaa au yanakupwa? Lilikuwa bamvua, maji makubwa, au maji mafu, yale madogo? Maji yakianza kukupwa, samaki wanatoka kwenye vina vya ndani, na pomboo anafuata riziki yake. Yule hakumkimbia mtu. Alikuwa na safari yake tokea asubuhi, nyinyi mmemkuta njiani.

Mwambie mtoto hivyo, na mpe salamu za shangazi yake wa Dimbani.

Ticha wa Baiolojia
Bi Dimbani, heshima yako dada. Nina jambo la kuongeza ambalo linawagusa wote wawili.

Pomboo si samaki, ni mamalia, lazima apande juu kuvuta hewa. Hawezi kulala fofofo kama sisi maana atazama. Analala nusu ya ubongo, nusu nyingine iko macho. Kundi likiwa limelala linakwenda polepole, wamekaribiana, wanapumua kwa zamu zinazolingana. Ukiwaona hivyo utasema "wametulia, wanatukaribisha", kumbe wako usingizini. Wawili waliobanana, mkubwa na mdogo, karibu kwa hakika ni mama na mtoto. Mimba ya pomboo inachukua takriban mwaka mzima, na mtoto ananyonya zaidi ya mwaka mmoja. Mama wa namna hiyo hasubiri kujua nia yako.

Watafiti waliowafuatilia pomboo wa pwani ya kusini ya Unguja walikuta kwamba boti za watalii zikiwepo, muda wa kupumzika na wa kucheza unapungua, na muda wa kusafiri unaongezeka. Yaani wanachoka zaidi na kulala kidogo. Kwa hiyo mimi naamini mliwaamsha. Si mtoto wako, mkuu. Ni msafara mzima.

Chalii wa Sakina
Mnazunguka mbali machalii wangu. Mlijipaka mafuta ya kukinga jua? Yale yana harufu kali mno. Mnyama wa porini akinusa tu anaondoka. Hata tembo ukikaa upande upepo unakotoka anakushtukia.

Ticha wa Baiolojia
Kwa tembo uko sahihi kabisa. Kwa pomboo hapana, hana uwezo wa kunusa kama mnyama wa nchi kavu. Tundu lake la juu ya kichwa ni la kupumulia tu. Ila usijipake mafuta mengi dakika ile unayoingia majini, matumbawe yanaumia.

Chalii wa Sakina
Sawa ticha, nimepokea. Leo nimejifunza.

Dereva wa Ndutu
Nimesoma yote mpaka hapa. Mimi naendesha watalii hapa Arusha, lakini kabla ya gari nilifanya misimu mitatu kwenye boti upande wa Matemwe, tukipeleka watu kisiwa cha Mnemba. Kwa hiyo nimeona pande zote mbili, na nakwambia mleta uzi, jambo unaloeleza ni lilelile ninaloliona nyikani kila msimu.

Duma yuko nyikani, ana watoto watatu, anataka kuwinda. Gari la kwanza linasimama mbali, dereva anazima injini, duma hana habari naye. Gari la pili linakaribia kidogo. La kumi linakatiza mbele yake ili mgeni apate picha ya uso. Hapo ndipo anapoacha windo na kuondoka. Hakuondoka kwa sababu ya gari la kwanza wala mgeni aliyemo. Ameondoka kwa sababu amezibiwa njia.

Boti ni hivyohivyo. Kosa kubwa ni mambo mawili. La kwanza, kuwakatiza mbele. La pili, watu kuruka. Mwili ukigonga maji ni kishindo, na pomboo wenyewe hupiga maji kwa mkia wanapotaka kuambiana jambo. Watu kumi wakiruka kwa pamoja umewapelekea ujumbe ambao wewe huujui.

Nahodha niliyefundishwa naye alikuwa anafanya hivi: akiwaona anapunguza moto kutoka mbali, anakwenda nao ubavuni, sambamba, bila kugeuza. Wakibadili njia anawaacha. Wakikaa, anaweka injini huru, watu wanateremka ngazini mmoja mmoja kama wanaingia kwenye beseni, mikono imekaa kifuani, hakuna kupiga miguu. Na anasema mapema, kabla ya kulipwa: leo mnaweza msiwaone. Siku nyingine tulirudi patupu. Wageni wengine walinuna, yeye hakubadilika.

Baba Wawili Njiro
Dereva wa Ndutu, umenigusa. Sisi tuliruka. Tuliambiwa turuke tukaruka, na mimi ndiye niliyehesabu moja, mbili, tatu.

Bi Dimbani, sikuangalia maji kabisa, sisi watu wa mlimani hatuna desturi hiyo. Ninachokumbuka ni kwamba wakati wa kuondoka tulitembea kidogo tu mpaka kwenye boti, na tuliporudi ilikuwa mbali, tukatembea sana kwenye mchanga.

Bi Dimbani
Basi si nilisema! Yalikuwa yanakupwa.

Mangi wa Marangu
Maji yanakupwa kila siku mara mbili dada yangu. Kwa nini waondoke dakika ileile boti 11 zilipowazunguka?

Babu Kaloleni
Wanangu, hamjambo. Hakuna aliyesema jambo hili, basi nitalisema mimi.

Nilifanya kazi Unguja miaka ya themanini, kwenye ujenzi. Kusini kule, kabla ya watalii, pomboo alikuwa anavuliwa. Si kwa kuliwa hasa, nyama yake ilikuwa chambo cha papa. Nimeona kwa macho yangu boti zinawazingira kundi zima na kuwasukuma wanakotakiwa kwenda. Boti kadhaa, kelele, watu wanapiga maji. Utalii wa pomboo ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na uwindaji ukafa humohumo katika miaka hiyo.

Sasa niambieni. Mnyama aliyezingirwa na boti akaona wenzake wanauawa, akizingirwa tena na boti, atafikiri nini?

Mama Soweto Moshi
Shikamoo Babu. Nimesoma hii nikamwita mume wangu aje asome.

Ticha wa Baiolojia
Shikamoo Babu. Hoja yako ina uzito, maana pomboo wa aina hii anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Mzee wa kundi leo anaweza kuwa alizaliwa wakati huo. Lakini nina swali moja: kama ni kumbukumbu, kwa nini wale saba walikuja wenyewe ubavuni mwa boti mwanzoni? Aliyeona damu hasogei kabisa.

Babu Kaloleni
Marahaba. Boti moja si kuzingirwa. Soma tena alivyoandika baba wa mtoto: walikuja ilipokuwa boti yao peke yake. Waliondoka zilipokusanyika.

Bi Dimbani
Babu amesema kweli tupu, na wazee wetu hawaifichi habari hiyo. Leo haohao, watoto wao na wajukuu wao, ndio wanaoishi kwa pomboo aliye hai, na Ghuba ya Menai yote, ndiyo bahari yetu ya Kizimkazi, ni eneo la hifadhi tangu 1997. Ila Ticha, mama humfundisha mwanawe. Si lazima awe ameona mwenyewe.

Na kuna jambo jengine hamjalitaja. Pale kuna pomboo wa aina mbili. Huyu wa kawaida anayesogelea boti, na mwengine mwenye nundu mgongoni, huyo ni mwenye haya, ukimkaribia tu keshazama. Baba Wawili, mlioona walikuwa na nundu?

Baba Wawili Njiro
Hapana dada, mgongo ulikuwa laini, na pezi limepinda kwa nyuma.

Mama Soweto Moshi
Naomba nitoe ushuhuda wa tofauti. Sisi tulikwenda Februari mwaka jana, mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto watatu. Mume wangu hajui kuogelea, mtu wa Kibosho huyo. Aliteremka ngazi akashika kamba ya boti kwa mikono miwili, akaweka uso majini, akatulia kama gogo. Pomboo wanne wakaja wakamzunguka. Mmoja alisimama wima chini yake, anamtazama, karibu robo saa nzima wanakwenda na kurudi. Sisi tuliobaki tulikuwa tunaogelea huku na huku kuwafuata, na sisi hatukupata kitu. Mama mkwe kwenye boti alikuwa analia kwa furaha anasema muacheni mwanangu, muacheni, wanaongea naye.

Kwa hiyo mimi naamini ni utulivu. Na bahari ya kaskazi imetulia, mnaona mbali. Mleta uzi, mlikwenda mwezi wa saba, hiyo ni kusi, bahari ina mawimbi.

Msafiri KCMC
Mama Soweto, sisi tulikwenda Februari hiyohiyo, bahari kama kioo, boti tatu tu, tumekaa majini kama mawe. Hatukuona hata pezi. Tukarudi tukala pweza tukaondoka. Kwa hiyo hoja ya msimu na utulivu sijui kama inatosha.

Mama Soweto Moshi
Poleni jamani. Labda ilikuwa siku yake tu.

Chalii wa Sakina
Wakuu, samahani kwa kutoka nje kidogo. Kwa familia ya watu wanne gharama inakuwaje?

Msafiri KCMC
Inategemea unajaza boti au unakodi peke yako. La muhimu: Mtanzania ana bei yake, beba kitambulisho na uulize kabla hujapanda. Na usikubaliane na papasi, wale madalali wa watalii, bandarini, nenda mpaka kijijini uongee na nahodha mwenyewe, umwangalie usoni, umuulize "utawafukuza au utawasubiri?" Jibu lake litakutosha. Kwa boti ya Dar hadi Unguja ni kama saa mbili, watoto wasile chipsi kabla ya kupanda. Wa kwangu walitapika wote, na mimi nikafuata.

Mangi wa Marangu
Kwa sisi wa kaskazini kuna Pangani pia. Unashuka Tanga, unaambaa na pwani kuelekea kusini, unafika. Hakuna kuvuka bahari. Ukienda na boti kwenye fungu la mchanga la Maziwe kuna siku pomboo wanakutana nawe njiani. Zamani Maziwe kilikuwa kisiwa chenye miti na kasa wanataga, sasa miti yote imekwisha, maji yakijaa fungu linafunikwa. Ukikaa pale saa mbili unapata mambo mengi ya kumweleza mtoto.

Dereva wa Ndutu
Na Mafia kuna papa potwe, Oktoba hadi Machi. Huyo ni samaki kweli, anapumua kwa mashavu, mkubwa kuliko samaki wote duniani, na mpole. Lakini kanuni ni ileile, usimguse na usimkatize.

Chalii wa Sakina
Hivi pomboo wa ziwani hakuna? Victoria ni karibu na ni bei rahisi.

Ticha wa Baiolojia
Hakuna. Pomboo wa maji baridi wako Amerika ya Kusini na Asia, kwenye mito mikubwa. Maziwa yetu hayana.

Chalii wa Sakina
Basi nianze na Chemka kama mleta uzi. Yale maji ya moto yatanifaa, mimi baridi siiwezi.

Mangi wa Marangu
Ya moto? Nani kakudanganya? Jina lake ni Chemka lakini maji yake ni ya kawaida tu, ukiingia saa mbili asubuhi utashtuka. Njoo uogelee Hai chalii wangu, usiogope, sisi watu wa Moshi hatuwatozi wa Arusha kwa kutetemeka.

Mama Soweto Moshi
Yakichemka kweli tungeenda na ndizi tupike hukohuko.

Babu Kaloleni
Mwaka 2006, mwezi wa nne, nakumbuka redio zilitangaza pomboo mamia wamekufa ufukweni Nungwi. Walisema kama 400. Watu walisema ni mitambo ya meli za kivita inayopiga mawimbi ya sauti, wengine walisema waliingia maji madogo yakakupwa wakiwa ndani. Wataalamu walikwenda kuwachunguza, na mpaka leo ukiuliza unapata majibu mawili matatu.

Mangi wa Marangu
Babu, hapo unarudi kwenye sauti. Naendelea kusimama na injini.

Bi Dimbani
Na mie naendelea kusimama na maji kukupwa. Hata hao wa Nungwi.

Dereva wa Ndutu
Na mimi kuzibiwa njia.

Ticha wa Baiolojia
Jamani, inawezekana kabisa pomboo yuleyule alikuwa amelala, ana mtoto, injini zikamkera, akazibiwa njia, na maji yakawa yanakupwa.

Bi Dimbani
Ticha, chagua moja!

Baba Wawili Njiro
Wakuu, asanteni sana. Nimekaa na binti mezani nikamsomea karibu yote, isipokuwa ya chambo na ya Nungwi, hizo atazisoma akikua. Alisikiliza kwa makini. Alipenda ya mume wa Mama Soweto, akaomba niisome mara mbili. Kisha akasema yeye anafikiri yule mdogo alikuwa amechoka na mama yake alikuwa anatafuta mahali pa kumlaza. Mdogo wake akasema hapana, walikuwa wanacheza kombolela na sisi ndio tulioshindwa kuwatafuta.

Ameniuliza jambo moja jipya: yule mwenye pezi lililomegeka, kuna mtu anamjua?

Ticha wa Baiolojia
Swali zuri sana. Ndivyo watafiti wanavyowatambua. Makovu na mapengo kwenye pezi la mgongoni ni kama alama za vidole, wanapiga picha, wanalinganisha mwaka hadi mwaka. Una picha?

Bi Dimbani
Kaka yangu bado anavua Dimbani. Nimempigia sasa hivi. Anasema anawajua wawili wenye mapezi ya namna hiyo, mmoja amemegeka juu karibu na ncha, mwengine amemegeka chini kwa nyuma. Anauliza ni yupi, maana wa juu ni jike na mwaka huu ana mtoto.

Baba Wawili Njiro
Picha hatuna dada, simu ilikuwa ndani ya begi isilowe. Nimewapa watoto karatasi na penseli, kila mmoja akae kona yake, wachore bila kuangaliana. Binti amemega juu karibu na ncha. Mdogo wake amemega chini kwa nyuma, na anaapa. Naambatanisha michoro yote miwili, mpelekee kaka yako.